Saa ya Kompyuta kwa Amri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, mwenye kompyuta ya saa mbovu huanza na maneno yale yale: "Fundi, nimeirekebisha jana, leo imeharibika tena." Nikimuuliza aliirekebishaje, jibu ni kwamba alibadilisha namba mpaka zikalingana na simu yake. Basi hapo ndipo alipoiharibu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayojibu kila wiki. Mengi yanahusu Linux, maana ndiyo inayoendesha seva ninazozihudumia, ila Windows nayo imo. Amri ziandike kama zilivyo, herufi kubwa ibaki kubwa na ndogo ibaki ndogo.

## Ya msingi

1. Nitaionaje saa ya mashine bila kubofya popote?

Kwenye Linux, Mac, au simu yenye Termux (programu ya kuandika amri kwenye Android), andika:

`date`

Utapata mstari kama `Tue Mar 11 14:20:07 EAT 2025`. Wengi husoma namba wakaondoka. Soma na zile herufi tatu kabla ya mwaka. EAT ni saa za Afrika Mashariki. Ukikuta UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia ambayo maeneo yote hupimwa kwayo, umeshapata nusu ya jibu.

Kwenye dirisha jeusi la Windows kuna `date /t` na `time /t`. Usisahau hiyo `/t`. Ukiiacha, Windows itadhani unataka kuweka tarehe mpya na itakuomba uiandike. Ikikuuliza hivyo, bonyeza Enter na usiandike kitu. Kwenye PowerShell amri ni `Get-Date`.

2. Kwa nini unasema saa ya kompyuta si kitu kimoja?

Kwa sababu ni mambo matatu yaliyopandana.

La kwanza ni saa ya mfumo. Kompyuta haihesabu siku wala miezi, inahesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Andika `date +%s` uione hesabu yenyewe: ni namba moja ndefu. Mwenzako aliye Tokyo akiandika amri hiyo sekunde hiyo hiyo, atapata namba hiyo hiyo.

La pili ni saa za eneo. Hii ni kanuni tu ya kuigeuza ile namba ndefu iwe saa ya hapa. Sisi tunaongeza saa tatu juu ya UTC, mwaka mzima, bila kupanda wala kushuka.

La tatu ni saa ya mazabodi, ile bodi kuu ndani ya kompyuta. Hiyo hutembea kwa betri ndogo wakati kompyuta imezimwa, na mfumo huisoma ukiwashwa.

Kuna na la nne, ambalo halimo kwenye kompyuta: wewe unayesoma. Saa mbili yako na `2:00` ya mashine si kitu kimoja, na ugomvi huo una sehemu yake (tazama swali la 10 na la 11).

3. Saa yangu imekosea. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima imekosea kwa kiasi gani. Weka simu iliyo kwenye mtandao kando ya kompyuta, hesabu tofauti, na usiguse kitu kwanza. Tofauti yenyewe hukutajia ugonjwa.

Ikiwa ni saa tatu kamili, dakika zinalingana, saa ya mfumo ni nzima na tatizo ni saa za eneo: mashine inaonyesha UTC. Ikiwa unatumia Windows na Linux kwenye mashine moja, nenda swali la 14. Ikiwa ni saa sita kamili, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna mtu amesoma au ameandika kwa saa za Kiswahili. Saa moja kamili? Mtu amechagua eneo la jirani, Maputo au Kigali kwa mfano, ambao wako nyuma yetu kwa saa moja.

Dakika chache, au sekunde arobaini na kitu, ni saa isiyosawazishwa na mtandao. Nenda swali la 15. Miaka ni betri. Mteja akiniambia kompyuta yake inadai ni mwaka 2009, nakuwa nimeshanyoosha mkono kwenye droo ya betri kabla hajamaliza sentensi.

Sasa tuone kwa nini kusogeza namba ni kosa. Tuseme ni saa nane mchana na mashine inaonyesha `11:00` kwa sababu iko UTC. Ukiilazimisha isome `14:00` bila kugusa saa za eneo, umeidanganya kwamba UTC ni saa kumi na nne. Ikipata mtandao itajisahihisha, na utaona `11:00` tena. Haijaharibika tena, imerudi kwenye ukweli, na wewe ndiye uliyeitoa huko.

4. Ile orodha ya `timedatectl` inasomwaje?

Kwenye Linux nyingi za siku hizi hii ndiyo amri ninayoanza nayo:

```
$ timedatectl
               Local time: Tue 2025-03-11 14:20:07 EAT
           Universal time: Tue 2025-03-11 11:20:07 UTC
                 RTC time: Tue 2025-03-11 11:20:07
                Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)
System clock synchronized: yes
              NTP service: active
          RTC in local TZ: no
```

Mstari wa kwanza ni saa ya hapa, wa pili ni UTC, wa tatu ni ya mazabodi. Huo wa tatu ulingane na wa pili, usilingane na wa kwanza. Wateja huogopa wakiona mazabodi iko nyuma kwa saa tatu, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Mstari wa nne ni saa za eneo. Wa tano na wa sita husema kama saa imesawazishwa na kama huduma ya kusawazisha inafanya kazi. Inawezekana huduma iko hai na saa haijasawazishwa: huduma inaita, mtandao hauitikii. Mstari wa mwisho ubaki `no`.

## Saa za eneo

5. Natafuta Tanga kwenye orodha siioni. Nichague nini?

Chagua `Africa/Dar_es_Salaam`. Orodha hii hubeba jina la mji mmoja kwa kila eneo, kwa kawaida ule wenye watu wengi, kwa hiyo Tanga, Dodoma, Mwanza na Unguja wote wamo ndani ya Dar es Salaam. Najua wapo wanaoumia kwa hilo. Kitaalamu `Africa/Nairobi` pia itakupa saa ile ile, lakini msomaji wa kumbukumbu zako kesho atajiuliza Kenya imeingiaje.

```
timedatectl list-timezones | grep Africa
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Neno `sudo` huomba ruhusa ya msimamizi. Hakuna haja ya kuzima na kuwasha. Andika `date` uone EAT. Kwenye Mac ni `sudo systemsetup -settimezone Africa/Dar_es_Salaam`.

6. Nimeandika `TZ=Africa/Tanga date`, haikulalamika, lakini saa siyo. Kwa nini?

Huu mtego umenishika hata mimi. `TZ` ni njia ya kuiambia amri moja tu itumie saa za eneo fulani bila kubadilisha mashine nzima, na ni nzuri sana kwa majaribio. Ubaya wake ni kwamba ukikosea jina haikwambii. Kwenye Linux ya kawaida inarudi UTC kimyakimya, kisha inachukua kipande cha ulichoandika na kukibandika kama jina la eneo:

```
$ TZ=Africa/Tanga date
Tue Mar 11 11:20:07 Africa 2025
```

Umeona lile neno `Africa` lilipokaa? Hapo palipaswa kuwa EAT. Kuna baya zaidi: `TZ=EAT date`. Itakuonyesha saa za UTC na kuandika EAT kando yake. Herufi zinasema Tanga, namba zinasema UTC, na mtu akikimbilia kuamini herufi amekwisha. Ndiyo maana napenda `date '+%H:%M %Z %z'`, ambayo huongeza tofauti kwa tarakimu. Ukikuta `EAT +0000`, umeshamkamata mwongo.

`timedatectl set-timezone Africa/Tanga`, tofauti na `TZ`, hukataa waziwazi. Ikibidi kuamini mmoja, mwamini huyo.

7. Sisi ni +3. Kwa nini `Etc/GMT+3` inanipeleka saa sita nyuma?

Kwa sababu kwenye majina ya aina hiyo alama imegeuzwa: `+` ni magharibi mwa Greenwich, `-` ni mashariki. Ya kwetu ingekuwa `Etc/GMT-3`. Ni utaratibu wa zamani wa Unix na hautabadilika leo. Tumia jina la mji, uachane na hesabu hizi. Nakuomba tu usisahau kuwa alama imegeuzwa, maana swali la 10 linaitumia.

8. Na kwenye Windows?

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

```
tzutil /g
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
```

Ya kwanza inaonyesha eneo lililopo, ya pili inaliweka. Windows ina majina yake na haijui Africa/Dar_es_Salaam hapa. Kwenye mipangilio ya kubofya eneo hili limeandikwa Nairobi, na hapo hakuna kosa. Alama za nukuu ni lazima, maana jina lina nafasi ndani yake. PowerShell inatumia `Get-TimeZone` na `Set-TimeZone -Id "E. Africa Standard Time"`.

9. Nikivuka mpaka saa inabadilika?

Horohoro kwenda Lungalunga, haibadiliki. Uganda, Ethiopia na Somalia pia ni +3. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na Msumbiji ni +2. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi ikahama kwenda +2 tarehe 1 Februari 2021, na hilo linahusiana na swali la 22.

## Saa za Kiswahili

10. Je, kompyuta inaweza kunionyesha saa za Kiswahili?

Mipangilio haina kitu hicho. Lakini ukiifikiria, saa yetu ni ile ya mashine kutoa sita. Mashine iko UTC+3, ukitoa sita unabaki na UTC-3. Na kwa kuwa alama zimegeuzwa (swali la 7), tunaandika hivi:

`TZ='KIS+3' date '+%I:%M'`

KIS ni jina nililolibuni mwenyewe. Linataka herufi tatu au zaidi. Saa `14:20` ya mashine itakuja kama `08:20`, yaani saa nane na dakika ishirini. Ukitaka iwe amri ya kudumu, weka mstari huu kwenye faili la `.bashrc`, ambalo husomwa kila unapofungua dirisha la amri:

`alias saa="TZ='KIS+3' date '+%I:%M'"`

Ukiongeza `%p` utaona kitu kizuri: AM inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo AM ni mchana na PM ni usiku, kama tunavyougawa sisi. Ila usiombe tarehe kwa njia hii. Saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne, itakwambia bado ni Jumatatu, kwa sababu kwake siku hugeuka alfajiri.

Na usithubutu kuiweka kuwa saa za eneo za mashine nzima. Kijana mmoja alinifanyia hivyo kwenye kompyuta ya mapokezi. Barua pepe zikawa zinatoka na saa za UTC-3, ambazo ndizo za Buenos Aires. Tukacheka, kisha nikaiangalia tena: saa ya ukutani kule Buenos Aires inasoma saa za Kiswahili barabara, ikifika saa mbili kwetu kwao imeandikwa mbili. Wenyewe hawajui.

11. Niliweka kazi ya cron saa mbili usiku. Kwa nini haifanyiki?

Cron ni programu ya Linux inayofanya kazi kwa ratiba; namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Umeandika `0 2 * * *`, sivyo? Hiyo ni saa nane usiku.

Nakijua kisa hiki kwa sababu ni changu. Duka moja la vifaa vya ofisi lilitaka hesabu zake zinakiliwe kila siku saa mbili usiku, baada ya kufunga na kabla mlinzi hajazima umeme wa ndani saa nne. Nikaandika mbili, mkono ukafuata ulimi. Kila siku saa nane usiku cron ilipaswa kuamka, na kila siku ilikuta mashine imezimwa. Wiki tatu. Niligundua siku mama mwenye duka aliponiuliza, "Mwanangu, zile nakala unaziweka wapi?" nikafungua folda, tupu. Hakupotelewa na kitu, lakini jasho lilinitoka.

Sahihi ni `0 20 * * *`. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku, ongeza sita kwa saa za mchana na kumi na nane kwa saa za usiku: saa moja asubuhi ni 7, saa sita mchana 12, saa moja usiku 19, saa tano usiku 23. Saa sita usiku ni 0. Baada ya hapo unatoa sita: saa nane usiku ni 2, saa kumi alfajiri ni 4. Siku hizi juu ya kila mstari wa cron naweka maelezo, `# saa mbili usiku`, ili anayekuja baada yangu ajue nilikusudia nini.

Jambo jingine: ukibadilisha saa za eneo, iwashe upya cron kwa `sudo systemctl restart cron`. Vinginevyo huenda ikaendelea kufuata eneo la zamani.

12. Naweza kupata majina ya siku na miezi kwa Kiswahili?

Ndiyo. Kwenye Ubuntu na Debian, andika `sudo locale-gen sw_TZ` (kwa Debian liwashe kwanza kwenye `/etc/locale.gen`), kisha `LC_TIME=sw_TZ date '+%A %d %B %Y'`. Hii inabadilisha majina peke yake. Saa haiguswi.

## Saa inayorudi nyuma, saa inayokimbia

13. Kila umeme ukikatika, kompyuta inaamka mwaka wa zamani. Nifanyeje?

Badilisha betri ya mazabodi. Mara nyingi ni ile ya duara inayoitwa CR2032, ya volti 3. Kabla hujainunua, hakikisha:

```
sudo hwclock --show
sudo hwclock --systohc
```

Ya kwanza inasoma saa ya mazabodi. Ya pili inaiandikia saa ya mfumo, kwa hiyo itumie baada ya kuhakikisha `date` iko sahihi. Zima, chomoa waya ukutani, iache ilale. Asubuhi iwashe bila mtandao na usome tena. Ikiwa imebaki nyuma au imerukia mwaka wa ajabu, betri imekufa. Ikiwa betri mpya nayo inafanya hivyo, tazama kitako chake: huku pwani nimekuta vingi vimeota kutu ya kijani, na kukisugua kukawa ndiyo dawa.

Vikompyuta vidogo kama Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 havina saa hiyo kabisa. Vinaamka na saa ya mara ya mwisho vilipozimwa, vikisubiri mtandao.

Dalili ya kwanza ya ugonjwa huu wala haifanani na saa. Mteja anasema intaneti imekufa, kila tovuti inamwambia si salama. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha; mashine inayoamini ni mwaka 2009 inaviona vyote kama vya kesho.

14. Nina Windows na Linux kwenye mashine moja. Nikitoka huku kwenda kule saa inaruka saa tatu.

Zinagombania saa ya mazabodi. Linux huiweka UTC, Windows huiweka saa ya hapa. Kila mmoja akiingia anaikuta ya mwenzake na kuitafsiri kivyake.

Ushauri wangu ni kuifundisha Windows itumie UTC. Kwenye dirisha la msimamizi:

```
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Kisha washa upya. Njia ya kinyume ni `sudo timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux, lakini `timedatectl` yenyewe itakukanya kwa onyo refu. Fanya moja. Ukifanya zote mbili zitapishana tena, na utarudi kwangu.

15. Nitajuaje kama saa inasawazishwa na mtandao kweli?

Kwenye Linux jaribu `timedatectl timesync-status`. Kama mashine inatumia chrony, programu nyingine ya kusawazisha saa, ni `chronyc tracking`. Kwenye Windows:

```
w32tm /query /status
w32tm /stripchart /computer:time.windows.com /samples:3 /dataonly
```

Hiyo ya pili inakuonyesha umepishana kwa sekunde ngapi bila kubadilisha chochote. Ikikwambia huduma haijaanzishwa, tumia `net start w32time`, kisha `w32tm /resync`.

Ikiwa hakuna jibu lolote na intaneti ipo, mshuku ruta. Kusawazisha saa hupita mlango wa UDP namba 123, na ofisi nyingi hufunga kila mlango usio wa tovuti. Hapo unaweza kuchungulia saa kwa njia ya nyuma:

`curl -sI http://example.com | grep -i '^date'`

Seva itataja saa yake kwa GMT, ambayo hapa ni sawa na UTC, wewe ongeza tatu. Nimeandika `http` bila `s` kwa makusudi, kwa sababu iliyo mwishoni mwa swali la 13.

16. Nataka kuweka saa kwa mkono, inakataa.

Kusawazisha kumewashwa. Kuzime kwanza, weka, kisha ukiwashe:

```
sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time '2025-03-11 14:20:00'
sudo timedatectl set-ntp true
```

Usiirudishe nyuma saa ya seva ambayo hifadhidata inafanya kazi ndani yake. Utapata kumbukumbu zenye malipo yaliyofanyika kabla ya oda.

17. Namba za siri za tarakimu sita zinazotolewa na programu ya uthibitisho kwenye simu zinakataliwa ingawa naziandika sawa.

Namba hizo hutengenezwa kutokana na saa, na kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Simu au seva ikipishana kwa dakika moja tu, zinakataliwa. Swali la 15 ndilo lako.

## Seva, programu na mambo ya pembeni

18. Seva yangu iko Ulaya. Niiweke saa za Tanzania?

Hapana. Iache UTC, na ugeuze saa wakati wa kuonyesha. Wapo mafundi wasiokubaliana nami, na kwa seva moja yenye watumiaji wa Tanga peke yao hoja yao ina uzito. Lakini siku utakayoongeza seva ya pili utanikumbuka. Ukitaka kusoma kwa saa za hapa, `TZ=Africa/Dar_es_Salaam date` inatosha, na `journalctl` pia huheshimu `TZ`.

19. `date` iko sawa, lakini programu inaandika saa tatu nyuma.

Programu ina saa za eneo zake. Mzee mmoja mwenye tanuri la mikate alinijia na daftari mkononi: "Fundi, mauzo yangu ya alfajiri yanaliwa na jana." Alisema kweli. Wachuuzi wa baiskeli huchukua mikate kuanzia saa nane usiku. Mfumo wake wa mauzo ulikuwa ukiandika kwa UTC, kwa hiyo risiti ya saa nane usiku Jumatano ilisoma `23:00` Jumanne. Kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kilihesabiwa siku iliyopita. Mtu mwingine wa maduka ya mchana asingegundua milele, maana saa tatu hazimvushi tarehe.

Pa kuchungulia ni hapa, kwa PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) na kwa hifadhidata za MySQL na PostgreSQL:

```
php -r 'echo date_default_timezone_get();'
mysql -e "SELECT NOW(), UTC_TIMESTAMP(), @@global.time_zone;"
psql -c "SHOW timezone;"
```

Kwa mzee ilikuwa PHP. Nikaweka `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam` kwenye `php.ini`. Kumbuka kuwa PHP ya dirisha la amri na ile ya tovuti mara nyingi husoma mafaili mawili tofauti ya `php.ini`. Nilirekebisha lisilohusika kwanza, mzee akanirudia siku ya pili na daftari lake.

20. Ndani ya Docker je?

Docker huendesha kila programu ndani ya chumba chake, kiitwacho konteina. Konteina huanza na UTC hata kama mashine inayoibeba ni EAT. Jaribu `docker exec jina date`. Ongeza `-e TZ=Africa/Dar_es_Salaam` unapoianzisha. Picha (vielelezo vya kuundia konteina) za Alpine, ile Linux ndogo, hazina data za maeneo mpaka uweke kifurushi cha `tzdata`. Bila hicho unaangukia mtego wa swali la 6.

21. Kikao ni saa nne asubuhi ya London. Kwetu ni saa ngapi?

Inategemea tarehe, maana Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Usikisie:

`date -d 'TZ="Europe/London" 2025-07-01 10:00'`

Itajibu `12:00`, saa sita mchana. Ukiweka tarehe 10 Januari inakuwa `13:00`, saa saba. Amri hii ni ya Linux. Ile `date` ya Mac haiielewi.

22. Kuna haja ya kusasisha data za saa za eneo wakati Tanzania haibadilishi?

Ipo, ikiwa unashughulika na wanaobadilisha. Sudan Kusini nimeshaitaja. Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023. Seva isiyosasishwa itampangia dereva aliye Juba saa moja mbele. Kwenye Ubuntu: `sudo apt install --only-upgrade tzdata`.

23. Kwa nini tarehe za zamani sana zinatoka na robo saa ya ajabu?

Swali hili ni nadra, lakini limeshaulizwa mara mbili, zote na watu wanaoingiza vyeti vya kuzaliwa vya wazee kwenye kompyuta. Jaribu:

`TZ=Africa/Nairobi date -d '1940-06-01 12:00 UTC'`

Utapata `14:45`, na tofauti ya `+0245`. Kompyuta haijakosea. Enzi za ukoloni saa za Afrika Mashariki ziliwahi kuwa +2:30 na +2:45 kabla ya kutulia kwenye +3, na data hizi zinaikumbuka historia hiyo. Kwa mwaka wa kuzaliwa hifadhi tarehe tupu bila saa, usumbufu uishe.

Ukipima kwa jua, Tanga iko kwenye longitudo ya 39 mashariki na ushei, yaani saa mbili na dakika 36 mbele ya Greenwich. Saa tatu kamili tunazozitumia zinatuvusha kwa dakika 24 hivi. Ndiyo maana hapa adhuhuri haiingii saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba huingia dakika chache baada ya saa sita, na Februari inasogea mpaka saa sita na nusu imepita.